Kiendelezi cha VS Code kimeleta balaa: namna ya kukiondoa bila kupoteza kazi

Kijana mmoja ninayemwelekeza kazi za tovuti alinipigia simu saa nne usiku, sauti imemkauka. VS Code yake, ile programu ya kuandikia msimbo, kila akihifadhi faili inasimama kwanza, kisha ujumbe wa kosa unachomoza kona ya chini kulia, na mara nyingine mistari ya msimbo anaikuta imehamahama bila yeye kuigusa. Asubuhi alitakiwa kumkabidhi mteja kazi. Nilipomuuliza amefanya nini mpaka hapo, akasema ameifuta VS Code yote na kuipakua upya, mara mbili. Bando la siku limekwisha, tatizo liko palepale.

Habari hiyo nimeisikia mara nyingi, na kila mara inaniuma, kwa sababu lile bando halikuhitajika hata kidogo. Viendelezi, au plagini kama wengi wetu tunavyoziita, yaani programu ndogo za kuiongezea VS Code uwezo, havikai ndani ya VS Code. Vinakaa kwenye folda yako ya mtumiaji:

Windows: `%USERPROFILE%\.vscode\extensions`
Linux na Mac: `~/.vscode/extensions`

Mipangilio yako nayo ina mahali pake pengine. Ukiifuta programu yenyewe kwa njia ya kawaida, folda hizo hubaki zilivyo. Ukiisakinisha tena inazikuta, inawasha kila kilichokuwemo, na kile kibovu kikiwa miongoni mwao. Ni kama kuhama chumba kwa sababu ya kunguni huku godoro umelibeba.

Kwa hiyo tuache VS Code ilivyo, tushughulike na kiendelezi. Fuata mpangilio huu huu, kwa sababu anayeanza na kufuta mara nyingi huishia kupoteza kitu ambacho hakuwa na haja ya kukipoteza.

## 1. Linda kazi yako kwanza

Hapa ndipo watu hujikwaa, basi nitakaa kidogo.

Mkono wa kila mmoja wetu umezoea: likitokea tatizo, bonyeza Ctrl+S. Subiri. Kama kiendelezi kibovu ni kile kinachopanga msimbo kila unapohifadhi, basi kuhifadhi ndiko kunakokipa nafasi ya kuvuruga. Fungua kisanduku cha amri kwa Ctrl+Shift+P (kwenye Mac ni Cmd+Shift+P), andika `Save without Formatting`, bonyeza Enter. Faili inahifadhiwa kama ulivyoiandika, bila mpangaji kuigusa. Rudia kwa kila faili yenye kitone kwenye kichupo chake, maana kitone hicho ndicho kinachoonyesha kwamba bado haijahifadhiwa.

Kama mradi wako uko kwenye Git (mfumo unaotunza historia ya mabadiliko ya msimbo), fungua terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, ndani ya folda ya mradi, uandike:

```
git status
git diff --stat
```

Amri ya pili inakuonyesha kila faili iliyobadilika na idadi ya mistari iliyoguswa. Yule kijana nilimwambia anisomee. Alikuwa amebadilisha faili mbili kwa mkono wake, lakini orodha ilikuwa na faili kumi na moja, na moja kati yake ilionyesha mistari zaidi ya mia nne. Hapo tukajua kwamba pamoja na kusumbua, kiendelezi kilikuwa tayari kimeshaingia kwenye kazi ya mteja.

Usikimbilie `git restore .` wakati huo. Amri hiyo inarudisha faili zote kama zilivyokuwa mara ya mwisho ulipozikabidhi kwa Git, na mabadiliko yako halali yatakwenda na maji. Tenganisha kwanza: faili ambazo hukuzigusa kabisa zirudishe moja moja, kwa mfano `git restore css/menyu.css`. Zile ulizozifanyia kazi zikague kwa `git diff -w`, ambayo inaacha nje tofauti za nafasi tupu. Mara nyingi utaona ile mistari mia nne inapungua ikabaki sita yako ya kweli.

Huna Git? Nakili folda nzima ya mradi, uipe jina lenye tarehe ya leo, uiweke pembeni. Na kama faili imeshavurugwa na kuhifadhiwa, bado kuna tumaini: tangu 2022 VS Code huweka historia ya faili ndani ya kompyuta yenyewe. Fungua faili, nenda kwenye safu ya kushoto yenye orodha ya faili, shuka mpaka sehemu iitwayo Timeline. Utaona kila mara faili ilipohifadhiwa, na saa yake. Bofya ya kabla ya balaa, linganisha, kisha bofya kwa kitufe cha kulia uchague kurudisha.

Mwisho wa hatua hii, tengeneza kumbukumbu ya viendelezi ulivyonavyo:

```
code --list-extensions --show-versions > viendelezi.txt
```

Sekunde chache tu, lakini ukija kuvuruga mambo huko mbele, faili hiyo ndiyo itakayokukumbusha ulikuwa na nini na toleo gani. Kwenye Mac, terminali ikikwambia haiijui amri `code`, ingia kwenye kisanduku cha amri, andika `Shell Command`, uchague ile ya kuisakinisha `code`.

Kama unatumia Settings Sync (huduma inayooanisha mipangilio na viendelezi vya VS Code kati ya kompyuta zako) na una kompyuta zaidi ya moja, izime kwa muda. Majaribio ya hapa hayana sababu ya kufika kwenye kompyuta ya ofisini.

## 2. Zima, usiondoe bado

Funga madirisha yote ya VS Code, kisha uifungue kutoka terminalini hivi:

```
code --disable-extensions
```

VS Code inafunguka bila viendelezi ulivyosakinisha, kwa kikao hicho tu. Hakuna kilichofutwa, na ukiifunga na kuifungua kawaida vyote vinarudi. Sasa rudia kile kile kilichokuwa kinaleta tatizo: fungua faili ile ile, andika, hifadhi.

Tatizo likitoweka, kosa liko kwenye kiendelezi kimojawapo. Likibaki, kiendelezi hakihusiki, na mwongozo huu hautakusaidia. Angalia mipangilio yako, au toleo la VS Code lenyewe, au diski iliyojaa. Nimeona watu wakifuta viendelezi kumi na tano kumbe nafasi ya diski imebaki megabaiti chache.

## 3. Mtafute mwenye kosa

Anza na kumbukumbu yako. Tatizo lilianza lini, na siku hiyo uliweka nini? Lakini usiishie hapo, maana viendelezi hujisasisha vyenyewe, na kile ambacho umekitumia miaka miwili bila shida kinaweza kuwa kimepata toleo jipya leo mchana wewe huna habari.

Folda ndiyo haisahau. Kwenye Linux au Mac:

```
ls -lt ~/.vscode/extensions | head
```

Kwenye Windows bandika ile njia niliyoitaja juu kwenye upau wa File Explorer, upange kwa tarehe. Kila kiendelezi kina folda yake, na jina lake lina sehemu tatu: mchapishaji, nukta, jina la kiendelezi, kisha kistari na toleo. Yaani `mchapishaji.jina-1.4.2`. Zilizo juu ndizo zilizobadilika karibuni. Kwa kijana wetu, ya kwanza kwenye orodha ilikuwa ya jioni ile ile, saa kumi na mbili na dakika chache. Tatizo lilimwanza saa moja.

Ukiwa na mshukiwa, nenda kwenye orodha ya viendelezi (Ctrl+Shift+X), mtafute, bofya alama ya gia, uchague Disable. Chaguo la pili lenye neno Workspace huzima kwa mradi huo mmoja tu. Linafaa pale kiendelezi kinapogombana na mradi mmoja na kwingine kinafanya kazi vizuri. Kisha kwenye kisanduku cha amri andika `Developer: Reload Window`. Jaribu tena.

Kama huna mshukiwa, VS Code ina chombo ambacho ningependa kila mwanafunzi akijue: andika `Start Extension Bisect` kwenye kisanduku cha amri. Inazima nusu ya viendelezi, inajiwasha upya, inakuuliza kama tatizo bado lipo. Unajibu, inagawa tena nusu iliyobaki, hivyo hivyo mpaka kinabaki kimoja. Mtu mwenye viendelezi thelathini anampata mwenye kosa kwa maswali yasiyozidi matano hivi, wakati kuzima kimoja kimoja kungemla jioni nzima. Sharti lake ni moja: tatizo liwe unaweza kuliita likaja. Likiwa linakuja siku moja kwa wiki, majibu yako yatakuwa ya kubahatisha na chombo kitanyooshea kidole kiendelezi kisichohusika.

Kuna pia `Show Running Extensions`, inayoorodhesha vinavyofanya kazi sasa hivi na milisekunde ambazo kila kimoja kilitumia kuamka. Kwa tatizo la VS Code kuchelewa kuwa tayari, hapo pa kuanzia panatosha.

## 4. Toleo la nyuma, au kukiondoa kabisa

Umempata. Jiulize: je, kiendelezi hiki unakihitaji? Kama ni kile cha lugha unayoandikia kila siku, na jana kilikuwa kizima, usikiondoe. Rudi toleo la jana. Bofya gia yake, chagua Install Specific Version, na kwenye orodha inayofunguka chukua lile lililotangulia. Au kwa terminali:

```
code --install-extension mchapishaji.jina@1.4.1
```

Baada ya hapo fungua ukurasa wa kiendelezi na uhakikishe tiki ya Auto Update haipo. Ikiachwa, kesho asubuhi toleo bovu litarudi na utadhani hukufanya lolote.

Kama hukihitaji, au hukijui kilifikaje, kiondoe. Uninstall kwenye ile gia, au:

```
code --uninstall-extension mchapishaji.jina
```

Mambo mawili hapa. VS Code ikikataa na kukwambia kuna kiendelezi kingine kinachokitegemea, isome hiyo sentensi vizuri kabla ya kubonyeza chochote. Inakutajia jina, na huenda hicho kingine unakitaka. La pili ni vifurushi: baadhi ya viendelezi ni vifurushi vyenye vingine ndani yake, na ukiondoa kifurushi vyote vilivyomo huondoka nacho. Ndiyo maana nilikuambia utengeneze ile `viendelezi.txt`.

Folda yenyewe haitoweki papo hapo. VS Code huiwekea alama kwamba haitakiwi tena, na kuifuta baadaye ikiwashwa upya. Kwa hiyo ukiondoa na kuikuta folda bado ipo, usishtuke wala usiichokoe. Funga madirisha yote, fungua, angalia tena.

## 5. Fagia mabaki

Wengi huishia hatua ya nne, na wiki ijayo wanashangaa kwa nini JavaScript haijipangi tena. Kiendelezi kimeondoka lakini maagizo yake yamebaki kwenye `settings.json`. Inakaa hapa:

Windows: `%APPDATA%\Code\User\settings.json`
Linux: `~/.config/Code/User/settings.json`
Mac: `~/Library/Application Support/Code/User/settings.json`

Nakili faili hiyo pembeni kabla ya kuigusa. Kisha ifungue ndani ya VS Code kwa amri ya `Open User Settings`, ile yenye neno JSON mwishoni. Mistari ya kiendelezi kisichokuwepo tena huonekana imefifia. Lakini mistari mingine haififii, na hiyo ndiyo yenye kusumbua. Mfano:

```
"editor.formatOnSave": true,
"[javascript]": {
    "editor.defaultFormatter": "mchapishaji.jina"
}
```

Mstari wa kwanza ni wa VS Code yenyewe, halali kabisa. Wa tatu unasema: faili za JavaScript zipangwe na fulani. Fulani ameondoka, kwa hiyo kila ukihifadhi VS Code inamtafuta na hamwoni. Badala ya kufuta, weka `//` mwanzoni mwa mistari inayomtaja. Faili hii inaruhusu maandishi ya pembeni ya namna hiyo. Fanya kazi siku mbili. Hakuna kilichoharibika? Futa sasa.

Angalia pia folda ya `.vscode` ndani ya mradi wenyewe. Nayo inaweza kuwa na `settings.json` yake, na hiyo ina nguvu kuliko ile yako ya jumla. Kama kuna faili ya `extensions.json` inayopendekeza kiendelezi kile kibovu, kila mwenzako anayefungua mradi ataletewa pendekezo hilo. Mwambieni mwenye mradi aliondoe, kwa sababu mnaweza kukaa mwezi mzima mkirudishiana tatizo lile lile.

Njia za mkato za kibodi ulizojiwekea ziko kwenye `keybindings.json`, jirani na mipangilio. Na kwenye folda ya `globalStorage`, hapo hapo jirani, viendelezi huhifadhi data zao. Folda yenye jina la mchapishaji na kiendelezi ulichoondoa unaweza kuifuta, na wakati mwingine inarudisha nafasi kubwa ya diski. Faili ya `state.vscdb` iliyomo humo usiiguse, ni ya VS Code yote.

## 6. Kikigoma kuondoka

Hili linatokea sana kwetu: kiendelezi kinapakuliwa, umeme unakatika au bando linakwisha katikati, na kinachobaki ni kitu nusu. Kinaonekana kwenye orodha lakini hakiwashwi, na ukibofya Uninstall unapata kosa.

Jaribu kwanza kukisakinisha tena toleo lile lile mtandao ukiwa mzuri, kisha ukiondoe kwa njia ya kawaida. Mara nyingi hiyo inatosha, kwa kuwa pengo lililokuwa linaikwaza VS Code limezibwa.

Ikishindikana, funga madirisha yote ya VS Code, nenda kwenye folda ya `extensions`, na uihamishe folda ya kiendelezi hicho uipeleke kwenye Desktop. Nasema uihamishe, usiifute. Fungua VS Code. Mambo yakiwa shwari, uifute baada ya siku chache.

Wanaotumia WSL (Linux ndani ya Windows) au kuunganishwa na seva ya mbali kwa SSH wakumbuke kwamba viendelezi vya upande huo vinakaa upande huo, kwenye `~/.vscode-server/extensions`. Unaweza kufagia Windows mpaka ikang'aa na mwenye kosa akawa yuko Linux.

## Kama una shaka ni cha wizi

Kiendelezi cha VS Code kinaendeshwa kwa ruhusa zile zile za VS Code yenyewe. Kinaweza kusoma faili zako, kuandika, kuita programu nyingine, kutuma vitu mtandaoni. Hakuna ukuta kati yake na funguo zako za SSH au faili ya `.env` yenye nywila ya hifadhidata. Nalisema hili kwa uzito kwa sababu wengi wetu tunaweka viendelezi kama tunavyoweka mlio wa simu.

Ukigundua kwamba jina la mchapishaji linafanana na la mtu maarufu lakini herufi moja imezidi, au VS Code yenyewe imekiondoa bila wewe kuomba (Microsoft wana orodha ya viendelezi vilivyothibitishwa kuwa na nia mbaya, na vikiingia humo huondolewa kwenye kompyuta za watu), basi kukiondoa hakutoshi. Kata mtandao. Kiondoe. Kisha, ukitumia kifaa kingine, badilisha nywila na tokeni zote zilizokuwa kwenye kompyuta hiyo: za Git, za seva, za huduma za malipo. Ukiwa na kazi za wateja, waambie siku hiyo hiyo.

## 7. Jaribu kabla ya kuendelea

Fungua VS Code kwa njia ya kawaida, bila ile `--disable-extensions`. Rudia kitendo kilichokuwa kinaleta tatizo, angalau mara tatu, kwenye faili tofauti. Endesha `git status` tena uone kwamba faili zilizobadilika ni zako tu. Ukiridhika, washa Settings Sync.

Kisha mtendee haki aliyetengeneza kiendelezi. Chagua `Help: Report Issue`, taja toleo lililoleta kosa, toleo la nyuma lililo zima, na hatua za kulirudia kosa hilo. Wengi wao hufanya kazi hii bila malipo na hawajui kilichoharibika mpaka waambiwe.

Kijana wetu tulimaliza naye saa tano na robo. Alirudi toleo la nyuma, akarudisha faili tisa kwa Git, mbili akazikagua mstari kwa mstari. Megabaiti alizotumia ni zile za kiendelezi kimoja, na hizo nilimrushia mimi.